Rasi wanapigana tangini, mmoja katokomea mchangani

*"Shikamoo mzee wetu. Nina tangi la maji chumvi la lita 400 hapa Mikocheni, lina miezi minane. Ndani kuna matumbawe laini machache, samaki-anemoni wawili, kangaja mmoja, na rasi mwenye mistari sita ambaye ndiye niliyeanza naye. Wiki mbili zilizopita nilinunua rasi wawili wekundu wenye mapezi marefu, na mmoja wa njano. Wa njano alizama mchangani siku ya pili, sijamwona tena. Nimechimbua mchanga kwa uma lakini wapi. Wekundu walifukuzana wiki nzima, kisha mmoja nikamkuta sakafuni asubuhi baada ya umeme kukatika usiku. Aliyebaki anajificha nyuma ya pampu, na nilipommulika tochi usiku nilimkuta amefunikwa na utando kama kipande cha rambo. Dukani wameniambia ni fangasi, niweke dawa ya shaba. Mimi natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi narudi saa moja usiku. Je, ni rasi gani wanaoelewana? Na kuna mvuvi Kunduchi ananiuzia mmoja mdogo mweupe mwenye madoa mawili ya machungwa mgongoni. Nimchukue?"*

Marahaba, mwanangu. (Kwa anayesoma na kushangaa: rasi ninaowazungumzia si rasi za nchi kavu zinazoingia baharini, ni samaki; ni matamshi yetu ya jina lao la dukani, "wrasse".) Nianze na lisilosubiri: hiyo dawa ya shaba usiitie. Kama umeshainunua, iweke kabatini.

Ule utando si fangasi, ni chandarua chake. Sisi watu wa pwani tumemsema mtu mwenye usingizi mzito kwamba ana usingizi wa pono tangu enzi za mababu, na waliotutungia msemo huo walikuwa wamemwangalia samaki vizuri. Aina nyingi za pono, jioni ikiingia, hutafuta upenyo kwenye mwamba na kutoa ute unaowazunguka kama mfuko, wakalala humo. Rasi ni ukoo uleule. Huyo wako mwekundu, ambaye kwa maelezo yako ni wa jenasi ya Cirrhilabrus, hufanya hivyohivyo kila usiku. Asubuhi anautoboa anatoka, na ule ute unaelea mpaka unanaswa kwenye kichujio. Mara ya kwanza mimi mwenyewe kuuona niliutoa kwa koleo nikidhani mjukuu katupia lailoni.

Shaba ina kazi yake, lakini kazi hiyo hufanyika kwenye tangi tupu la karantini. Ukiitia kwenye tangi lenye matumbawe utaua matumbawe, kamba, konokono na vidudu vyote vidogo vinavyolifanya liwe hai. Mawe na mchanga nayo huinyonya, halafu huitema polepole baadaye. Na rasi wengi hawaivumilii vizuri. Ugonjwa wa kweli una sura nyingine: chembe kama za chumvi mwilini na kwenye mapezi, au vumbi laini la rangi ya dhahabu, anahema mbio mchana kweupe, anajikuna kwenye mawe, anakataa kula. Utando unaoonekana usiku na asubuhi haupo ni usingizi tu.

Sasa wa njano. Hapa nitakuomba uliache hilo uma.

Wewe unafikiri kafa kwa sababu humwoni. Hebu tupige hesabu ya saa. Rasi wa njano anayeuzwa sana ni Halichoeres chrysus, na wengi wanaofika mjini hapa wametoka Indonesia. Kisiwa cha Bali, huko Indonesia, kiko mbele yetu kwa saa tano. Jua likichomoza kule saa kumi na mbili asubuhi, hapa Mikocheni ni saa saba usiku. Likizama kule saa kumi na mbili jioni, kwako ni saa saba mchana. Samaki huyu halali kwenye mawe, hulala chini ya mchanga, na wiki zake za mwanzo huamka na kulala kwa saa ya kwao. Saa saba usiku anachungulia, anakuta giza, anarudi chini. Kukipambazuka anatoka, anazungukazunguka, na ikifika mchana anaingia kitandani. Wewe unatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja usiku. Mngekutana saa ngapi?

Taratibu mwanga wa tangi lako humpangia saa mpya, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili, wengine zaidi kidogo. Lakini kila ukimchimbua unamtia hofu anazama tena, na ncha za uma zinaweza kumchoma. Jumamosi hii usitoke. Kaa mbele ya kioo tangu taa zinawaka hadi saa sita, kimya, usitie mkono majini. Uwezekano wa kumwona ni mkubwa. Kama amekufa kweli, konokono na vidudu wako watakuwa wamemmaliza. Wewe pima tu amonia, ile sumu inayotoka kwa kitu kinachooza majini. Ikisoma sifuri, hakuna cha kufukua.

Na mchanga wenyewe ukoje? Rasi wa kulala mchangani anahitaji mchanga laini, kina cha sentimita tano au zaidi, angalau upande mmoja wa tangi. Vipande vya matumbawe vilivyosagwa kwa ukali vinamchuna ngozi na mdomo, na vidonda hivyo ndivyo mlango wa maradhi. Watu wanawanunua samaki hawa, wanawaweka kwenye tangi lisilo na mchanga kabisa kwa kuwa ni rahisi kusafisha, halafu wanasema "hawa samaki dhaifu".

Tuje kwenye ugomvi. (Hao wekundu nao wauzaji huwaita "feri", na hawahusiani na soko la samaki la Feri.)

Umeniuliza ni aina gani zinaelewana, kama vile kuna orodha ya majina. Orodha zipo, na kila mwenye orodha amewahi kuaibishwa na samaki. Kwa rasi mimi huuliza mambo matatu kabla ya jina: nani aliingia kwanza, nani dume, na nani analala wapi. Tangi lako limejikwaa kwenye yote.

La kwanza ni yule wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia. Ni mdogo, sentimita saba au nane, mzuri kama kitenge, na anauzwa rahisi kwa wanaoanza. Kimaumbile ni mpita mianya: anamiliki mawe, anajua kila tundu. Ukimweka wa kwanza, tangi lote linakuwa nyumba yake na wengine wote ni wapangaji wasiolipa kodi. Hachukii kila samaki. Wale samaki-anemoni hawamhusu, kangaja anamzidi umbo. Anayemkera ni samaki anayefanana naye mwili na mwendo, anayekula chakula kilekile na kutafuta matundu yaleyale ya kulala. Maana yake ni rasi mwenzake. Nina hakika nusu ya fujo uliyoiona ni yake, hata kama macho yako yalikuwa kwa wale wekundu.

Nusu ya pili ni wekundu wenyewe. Mapezi marefu na rangi kali ni dalili ya dume, na wewe ulinunua wawili. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, ila wahenga hawakujua kwamba mafahali hawa walianza maisha wakiwa majike. Rasi wengi huzaliwa jike. Kundi linaishi na dume mmoja mkubwa. Dume akifa au akiliwa, jike mkubwa kuliko wenzake anageuka kuwa dume: rangi, tabia, mpaka viungo vya ndani. Kwa rasi msafishaji, Labroides dimidiatus, yule anayedonoa wadudu kwenye miili ya samaki wengine, mabadiliko haya yamefuatiliwa kwa karibu: saa chache tu baada ya dume kuondolewa, jike mkubwa anaanza kuwatisha wenzake kama dume, na kama wiki mbili hivi baadaye anatoa mbegu.

Fikiri maana yake kwako. Kinachomzuia jike asigeuke ni kuwepo kwa dume juu yake. Dume aliyekwisha kugeuka haoni sababu ya kurudi chini, kwa hiyo dume mwenzake wa aina moja ni mshindani wa kudumu. Baharini anayeshindwa huogelea akaenda zake. Kwenye sentimita 120 za kioo aende wapi? Wa kwako alikwenda sakafuni.

Nisimtwike dume mzigo wote, maana kile kifo kina mshirika: giza. Rasi wanaruka, wote, bila kumbagua mpole na mkali. Samaki anayefukuzwa tayari roho iko juu. Taa zikizimika ghafla saa mbili usiku kabla hajaingia kwenye chandarua chake, anashtuka na kupaa. Tangi lisilofunikwa, katika mji ambao umeme unakatika bila hodi, halifai kuwa na rasi. Usitumie kioo kizima, kwani kinafungia joto na hewa. Mpe fundi wa madirisha ya alumini vipimo vya tangi akutengenezee fremu, kisha ivalishe fremu hiyo wavu mweupe wa nailoni au plastiki wenye tundu la milimita sita hivi. Wavu wa chuma usiutaje, chumvi itautafuna. Ziba na tundu la kupitishia mabomba na nyaya, maana rasi hulipata hilohilo. Halafu tafuta kitaa kidogo cha betri kinachojiwasha umeme ukikatika. Mwanga hafifu tu unatosha, ili giza lisimwangukie kama pazia.

Na umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe karibu. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na Dar mwezi wa tatu unajua mwenyewe. Ninapenda tangi libaki nyuzi 25 hadi 27. Feni inayopuliza juu ya maji huweza kushusha nyuzi mbili au tatu kwa kuyavukiza, ila siku zenye unyevu mwingi inapunguza nguvu. Kumbuka pia kinachovukiza ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, siyo maji chumvi.

Sasa nini kifanyike? Kama tangi lingekuwa langu, ningemtoa wa mistari sita. Hutamkamata kwa wavu hata ukivunja mwamba wote. Tega dema. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata shingo, igeuze iingie ndani kama mlango wa dema, tia jiwe dogo chini na kipande cha nyama ya kamba. Iache siku mbili tatu aizoee, akiingia na kutoka. Siku ya nne, kabla ya chakula cha asubuhi, simama pale, akiingia uitoe chupa naye ndani. Mpe mwenye tangi dogo la peke yake, au rudisha dukani kama wanakubali. Baada ya hapo, mwekundu aliyebaki atatoka nyuma ya pampu. Mpe siku tano, na kama ametoka anakula basi umeshinda.

Kama moyo haukuruhusu kumtoa, na ninaelewa kwa sababu ndiye uliyeanza naye, basi acha ndoto ya wekundu. Kaa naye, muongezee samaki wasio rasi, na maisha yaendelee. Njia ya katikati ni kumweka kwenye sanduku ndani ya tangi kwa wiki mbili wakati wengine wanashika maeneo, kisha kumrudisha kama mgeni. Nimeona ikifaulu, nimeona pia akirudia enzi yake siku ya tatu. Kioo cha kujitazamia ukikiegemeza nje ya tangi humshughulisha na adui asiyekuwepo, inasaidia siku za mwanzo tu.

Ukishamtoa, tangi lako linabeba rasi watatu, labda wanne wadogo. Ningejenga hivi: huyo dume mwekundu uliye naye, na majike wawili wa aina yake hasa, wadogo kumzidi, wakiingia pamoja. Jike utamjua kwa rangi ya waridi au machungwa hafifu, mapezi mafupi, na mara nyingi doa jeusi karibu na shina la mkia. Duka halipendi kuleta majike kwa sababu hawauziki, agiza. Faida yake utaiona jioni: dume mwenye majike anawaka rangi kama taa za harusi, na dume anayeishi peke yake miezi mingi huanza kufifia. Wa njano akiwa hai, abaki. Halali wanapolala hawa, hali kwa namna yao, hawana cha kugombea. Tena atakulia minyoo bapa na vikonokono vidogo vinavyonyonya wenzao. Kamba wadogo sana anaweza kuwaonja, hilo sikufichi.

Kila mgeni aanze kwenye sanduku. Langu ni kontena la plastiki la kuwekea mkate, nimelitoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto jikoni, na linaning'inia kwa vibanio vya nguo. Mgeni anakaa humo siku nne mpaka saba. Wenyeji wanakuja, wanapiga pua, wanachoka. Akianza kula humo ndani bila kujali anayemtazama, mfungulie jioni mwanga ukiwa umepungua. Kwa anayelala mchangani, tia bakuli dogo la mchanga ndani ya sanduku.

Waliobaki nitawapitia haraka. Thalassoma, wale wa kijani na buluu wanaokimbia kama bodaboda, ni wagumu kufa na hodari wa kuua. Kwa tangi lako hapana. Macropharyngodon bipartitus, mwenye madoa kama chui, anapatikana bahari yetu hii na nampenda kuliko wote. Nimewapoteza watatu kabla ya kujifunza kwamba anataka tangi lililozidi mwaka, limejaa vidudu hai vya kudonoa siku nzima. Uliza tena mwakani. Rasi msafishaji mwache baharini, ana wateja wake kule, na kwako atakonda. Halichoeres iridis, kichwa cha machungwa na mwili mwekundu wa damu ya mzee, naye ni wa pwani ya Afrika Mashariki, hufika sentimita 11 hivi na ni muungwana. Huyo ukimpata mzima mchukue.

Kuna Cirrhilabrus wa kwetu pia, C. exquisitus. Na mwaka 2019 wanasayansi walimtangaza mwingine mpya kutoka miamba ya Zanzibar, chini ya mita 50, mwenye magamba ya zambarau, wakampa jina la Wakanda, ile nchi ya kubuni ya vitabu vya katuni. Vijana huniuliza kama anauzwa. Samaki wa kina kile kumpandisha salama ni kazi ya wapiga mbizi wenye mitambo, mwacheni.

Chakula: mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo. Kwa ratiba yako nunua kilishio cha saa kwa chakula kikavu cha mchana, na mkono wako utoe kilicho kibichi asubuhi na jioni. Kamba mbichi aliyesagwa, mayai ya samaki, na uduvi ukiwapata wabichi wasiotiwa chumvi, oshwa, gandisha kwenye vipande vidogo. Rasi aliyeshiba hupunguza ugomvi kwa kiasi unachoweza kukiona kwa macho.

Yule mweupe wa Kunduchi. Madoa mawili ya machungwa mgongoni, na juu yake kwenye pezi kuna madoa meusi kama macho? Basi ni mtoto wa Coris aygula. Leo ni kidole. Akikua anaweza kupita mita moja, ana bonge la paji, anapindua mawe na kutafuna konokono, kaa na kamba wako wote. Hakuna tangi la nyumbani linalomtosha. Muulize pia huyo mvuvi kamtoa wapi. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu. Hakuna kuvua humo, wala samaki, wala jiwe, wala tumbawe. Nje ya hapo nako anayevua kwa kuuza anatakiwa awe na leseni. Mvuvi mwenye leseni hakasiriki ukimwomba akuonyeshe.

Msaada wa ana kwa ana utafute lini? Samaki wawili au zaidi wakihema mbio siku moja, usisubiri jibu langu: ongeza hewa, badilisha robo ya maji, na mwite daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa samaki. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kinafundisha udaktari wa mifugo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wa sayansi za majini, wote ni mahali pa kuanzia kuulizia. Wapelekee picha za video na sampuli ya maji. Na kama ukigusa maji unahisi mkono unakufa ganzi au unarushwa, huyo siyo samaki; zima swichi kuu, mwite fundi umeme kabla hujatia mkono tena.

Kesho, kabla hujatoka, washa taa nusu saa mapema, tupia uduvi kidogo upande wenye mchanga mwingi, kisha kaa unywe chai yako hapohapo. Ukiona ncha ya njano inachomoza, usiite watu waje kuangalia.